Rangi Mpya, Chuma cha Kale: Kupima Uhalisi na Thamani ya Panga za Kijeshi za Kijapani

Utangulizi

Buna, mji mdogo ulio katika Kaunti ya Wajir kaskazini mwa Kenya, ulivionja Vita Vikuu vya Pili mapema. Majeshi ya Italia yaliiteka Moyale mwezi Julai 1940, yakasonga kusini na kuikalia Buna, kabla ya kurudishwa nyuma mwaka 1941. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyowapeleka askari wa King's African Rifles, yaani Keya, hadi Burma, ambayo leo ni Myanmar. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw. Nayo Brigedi ya 28 ilikuwa na kikosi cha 71, kilichokuwa cha Wasomali. Maafisa wa Kijapani waliokabiliwa huko walibeba panga, na nyingi zilitekwa vitani au kusalimishwa mwaka 1945. Tangu hapo zimetapakaa duniani kama kumbukumbu, urithi na bidhaa, na baadhi yake zimepakwa rangi upya. Makala haya yanaeleza jinsi upanga wa aina hiyo unavyopimwa.

Uhalisi na thamani

Kosa la kwanza ni kuyachanganya maswali mawili. Swali la uhalisi huuliza: je, kitu hiki ndicho kinachodaiwa kuwa? Swali la thamani huuliza: kimebakiza kiasi gani cha hali yake ya asili, na kina uzito gani kihistoria au kisanaa? Upanga uliopakwa rangi jana waweza kuwa halisi kabisa, ingawa thamani yake imepungua. Kinyume chake, upanga bandia waweza kupakwa uchakavu ili uonekane mzee.

Aina za panga

Jeshi la Japani lilianza kutumia upanga wa mtindo mpya wa maafisa mwaka 1934, likaufanyia mabadiliko mwaka 1938. Mpini wake ulifunikwa ngozi ya taa, kisha ukazungushiwa utepe. Mwaka 1935 ulikuja upanga wa masajini, ambao bapa lake lilitengenezwa kiwandani. Mpini wake ulikuwa wa shaba, baadaye alumini, uliotengenezwa na kupakwa rangi ili ufanane na ule wenye utepe. Karibu na kikingio cha mkono bapa lilipigwa chapa ya tarakimu, na ala ikapigwa tarakimu zizo hizo.

Kwa upanga wa sajini, basi, rangi ni sehemu ya ushahidi. Tarakimu za bapa na za ala zikilingana, mkaguzi hupata dalili njema kwamba viwili hivyo vilitoka pamoja. Zikitofautiana, huenda ala ni ya upanga mwingine, na thamani hushuka hata kama vyote viwili ni halisi.

Kuisoma rangi

Mkaguzi hutazama kwanza mahali rangi ilipoingia. Ikiwa imejaa ndani ya tarakimu au kwenye mfuo wa parafujo, ilipakwa baada ya kazi ya kiwandani. Ikiwa imetanda ndani ya mbonyeo wa ala, mbonyeo ulitangulia. Ikiwa imefunika kutu, kutu nayo ilitangulia. Penye kovu dogo, tabaka za rangi huonekana moja juu ya nyingine. Hata hivyo, dalili hizo zaonyesha mfuatano tu, wala si tarehe, kwani upanga uliweza kupakwa rangi tena ungali jeshini. Kwa sababu hiyo haifai kuikwangua rangi ya juu kwa msasa: chini yake huenda mna rangi ya kwanza, na ikishaondoka haitarudi.

Msuka ndio shahidi

Maafisa walijinunulia panga zao, na baadhi yao waliyatia mabapa ya mababu katika mipini na ala za kijeshi. Hivyo ala iliyoharibiwa kwa rangi ya dukani yaweza kuhifadhi bapa la karne kadhaa. Jibu hutafutwa kwenye msuka, uliofichwa ndani ya mpini. Hapo huwa na sahihi ya mhunzi, alama za tupa na kutu ya miaka mingi. Sahihi peke yake haitoshi, maana sahihi zimeghushiwa tangu zamani. Sharti iafikiane na umbo la bapa na hali ya chuma. Kutu ya msuka haisuguliwi kamwe, kwa kuwa ni mojawapo ya vielelezo vya umri.

Hitimisho

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi hukihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895. Upanga uliorudi na askari wa Keya hauingii katika kigezo hicho. Hatima yake imo mikononi mwa aliyeurithi. Akiupaka rangi kwa nia njema ya kuupamba, aweza kuufuta ushahidi wa safari ya babu yake.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika panga hizi methali hiyo hukata kuwili: rangi nzuri yaweza kuficha chuma duni, na rangi mbaya yaweza kuficha chuma adhimu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kushika muswada uliokolezwa wino na mnakili wa baadaye ataitambua kanuni hii: wino mpya hauufanyi muswada kuwa wa uongo, bali humlazimu msomaji kuuliza ni nini kilichoandikwa chini yake.