Milango ya Mto na Milango ya Mtandao

Mto Rufiji haumwagi maji yake baharini kwa mlango mmoja. Ukaribiapo Bahari ya Hindi hugawanyika katika mikono mingi ipitayo kati ya misitu ya mikoko, na sehemu kubwa ya delta hiyo imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mwishoni mwa Oktoba 1914, Waingereza waligundua kwamba manowari ya Kijerumani, Königsberg, imejificha humo. Tarehe 10 Novemba waliizamisha meli yao kuukuu ya makaa ya mawe, Newbridge, katika mlango wa Suninga ili kuiziba njia. Lakini Simba Uranga, Kikunya na milango mingine ilibaki wazi, na iliwabidi kuilinda kwa manowari zao hadi tarehe 11 Julai 1915, Königsberg ilipoangamizwa humo humo mtoni.

Karani wa takwimu aliyeko katika kituo cha afya ndani ya delta, ambaye jioni moja hushindwa kuifikia kompyuta kuu ya ofisi yake iliyoko Dodoma au Dar es Salaam, amekutana na tatizo la namna hiyo hiyo. Mtandao wa simu upo, kurasa za kawaida zinafunguka, nywila yake ni sahihi. Hata hivyo njia ya faragha, ile ambayo mafundi huiita VPN, haifunguki. Aghalabu hudhaniwa kwamba kompyuta imeharibika. Basi hupakiwa katika boti hadi Nyamisati, ikapelekwa Kibiti mjini kwa fundi, na huko, kwa mshangao wa wote, ikafanya kazi mara moja. Nauli imepotea na siku imepotea, wala kilichokuwa kimeharibika hakikuwamo katika kompyuta hata kidogo.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kwanza kujua njia ya faragha ni kitu gani. Habari zote zipitazo katika intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na ya iendako, kama bahasha ya posta. Bahasha hizo hupita mikononi mwa wengi. Njia ya faragha huichukua bahasha nzima, pamoja na anwani zake, huifunga kwa fumbo lisiloweza kusomwa bila ufunguo, kisha huitia ndani ya bahasha nyingine iliyoandikwa anwani ya seva ya ofisi tu. Seva hiyo huifungua bahasha ya nje, hulifumbua fumbo, na kuipeleka bahasha ya ndani kwa mwenyewe. Kwa njia hii majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao husafiri kutoka delta hadi Dodoma pasipo mtu wa katikati kuyasoma.

Katikati ya safari husimama walinzi wawili. Wa kwanza ni ruta, chombo kinachoziunganisha kompyuta za ofisi na mtandao wa nje. Wa pili ni ukuta wa moto, ambao mara nyingi hukaa ndani ya ruta hiyo hiyo. Jina lake limetokana na ukuta ujengwao kati ya vyumba ili moto wa kimoja usienee katika kingine. Ukuta huu hutazama pakiti kama walinzi wa maliasili wanavyoutazama mzigo wa magogo kizuizini: unatoka wapi, unakwenda wapi, na umeombewa njia gani. Njia hizo huitwa milango, nazo hutambuliwa kwa namba kuanzia 0 hadi 65535. Kurasa za kawaida zilizolindwa hupitia mlango wa 443. Njia ya faragha ya aina ya IPsec hutumia milango ya 500 na 4500, OpenVPN kwa kawaida hutumia 1194, WireGuard, 51820. Mwenye ruta akiifunga milango yote isipokuwa ile ya kurasa za kawaida, kama zifanyavyo hoteli na shule nyingi, karani atasoma magazeti vizuri kabisa wala asiifikie ofisi yake.

Lakini mlango uliofungwa ndicho chanzo chepesi kuliko vyote. Kilicho kigumu zaidi, na chenye kufundisha zaidi, ni kile kinachotokana na uhaba wa anwani. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, ambao ungali ukitumika sana, ni tarakimu 32 za mfumo wa mbili. Kwa hiyo idadi yake haiwezi kuzidi 2 kwa kipeo cha 32, yaani takriban bilioni 4.3. Hazitoshi. Kuanzia mwaka 1994 ulielezwa rasmi utaratibu ambao kompyuta nyingi za ofisi moja hushirikiana anwani moja ya nje. Ruta huifuta anwani ya ndani ya kila pakiti, huandika yake, na kuweka kumbukumbu ya namba ya mlango ili jibu likirudi ijue ni la nani.

Utaratibu huo una akili nyingi, ila unategemea jambo moja: kila pakiti iwe na namba ya mlango. Njia ya faragha ya aina ya PPTP, iliyoenea sana miaka ya 1990, hufanya mazungumzo ya kwanza kupitia mlango wa 1723, kisha hupeleka mizigo yenyewe kwa itifaki nyingine, ya namba 47, isiyo na mlango wowote. Ruta ikiipokea mizigo hiyo haijui imrudishie nani. Kutokana na hayo hutokea kioja kinachojulikana na mafundi wengi: mfanyakazi wa kwanza huunganishwa bila shida, lakini wa pili akijaribu katika ofisi hiyo hiyo hukwama, au humkata mwenziwe. IPsec nayo ilikuwa na ugonjwa huo, maana mizigo yake husafiri kwa itifaki ya namba 50 ambayo pia haina milango. Dawa ilitangazwa rasmi Januari 2005: mzigo hutiwa katika bahasha moja zaidi yenye mlango wa 4500, na ruta ikaridhika. PPTP haifai kutengenezwa. Fumbo lake lilikwisha kuvunjwa, na ofisi inayoitumia hadi leo inajidanganya kwamba ina siri.

Makampuni ya simu nayo huwashirikisha wateja wengi anwani moja. Mwaka 2012 zilitengwa kwa ajili hiyo anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Matokeo yake ni kwamba modemu ya laini ya simu iliyoko Mbwera inaweza kuita nje, lakini mtu wa nje hawezi kuiita. Ikiwa seva imewekwa upande wa delta kwa matumaini kwamba makao makuu yataifikia, haitafikiwa kamwe. Hapana budi upande wa delta ndio uanze kuita. Jambo hili lina uzito hata kisheria. Tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na makampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN kujiandikisha kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na kutoa taarifa ikiwa ni pamoja na anwani ya IP. Mtumishi aliyeitazama kompyuta yake na kuiandika anwani aliyoikuta, mathalani 192.168.1.12, aliandika namba inayotumika na maelfu ya kompyuta nyingine duniani kwa wakati ule ule.

Namba hiyo huleta balaa nyingine. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kugawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Ikiwa ruta ya zahanati na ile ya makao makuu zote zimeachwa hivyo, njia ya faragha itafunguka, alama ya kijani itaonekana, lakini hakuna kitakachopatikana. Kompyuta ikiambiwa iitafute 192.168.1.5 huitafuta mle mle chumbani, kama mtu aliyeagizwa kwa Bi. Zainabu akaenda kwa jirani mwenye jina hilo. Tiba ni kubadili mpangilio wa upande mmoja, basi.

Yako maradhi yanayojitokeza baada ya njia kufunguka. Barua fupi hupita na faili kubwa huganda. Pakiti ya kawaida haizidi baiti 1500, na bahasha ya nje hula sehemu ya nafasi hiyo. WireGuard, kwa mfano, huchukua baiti 60 katika anwani za mtindo wa zamani. Pakiti ikizidi kipimo, ruta ya katikati hupaswa kurudisha taarifa kwamba mzigo ni mkubwa mno. Kuta nyingi za moto, kwa uangalifu uliopita kiasi, huzitupa taarifa hizo, na mtumaji huendelea kungoja. Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili kwa amri ya ping, wakikataza pakiti isikatwe vipande. Katika mtandao wa waya wa kawaida mzigo wa baiti 1472 hupita na wa 1473 hukwama, kwa kuwa baiti 28 huliwa na vichwa viwili vya pakiti, 20 na 8. Wakiipima ndani ya njia ya faragha wataona kikomo kimeshuka. Tofauti ndiyo unene wa bahasha.

Pengine njia hukatika kila mtumiaji akikaa kimya kwa muda. Kumbukumbu ya ruta ni fupi: nyingine husahau baada ya nusu dakika tu. Ndiyo maana WireGuard hushauriwa kupeleka pakiti tupu kila baada ya sekunde 25, kama mlinzi anayekohoa usiku ili ajulikane yu macho. Tena kuna saa ya kompyuta. Kompyuta kongwe ambayo betri yake ndogo imekwisha, umeme ukikatika na kurudi, hujiona iko miaka mingi nyuma. Hati ya utambulisho ya seva huonekana haijaanza kutumika, na mlango hukataliwa. Chanzo hiki hakihusu ruta wala ukuta, lakini kimewasumbua wengi.

Upimaji ufuate utaratibu, na kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Kwanza, je, kurasa za kawaida zinafunguka? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na huduma ikadhoofika Tanzania nzima. Siku kama hiyo hakuna haja ya kumlaumu ruta. Pili, kompyuta ile ile iunganishwe kupitia simu ya mkononi badala ya ruta ya ofisi. Ikifaulu, ruta ya ofisi ndiyo yenye kosa. Ikishindwa, ijaribiwe laini ya kampuni nyingine. Ikishindwa kote, kosa laelekea kuwa katika kompyuta yenyewe au seva. Tatu, itazamwe namna ya kushindwa: kukataliwa papo hapo ni dalili kwamba kuna aliyejibu, ilhali ukimya mrefu ni dalili ya ukuta unaotupa pakiti bila kusema. Majaribio hayo hayahitaji boti kwenda Nyamisati.

Baadhi ya watu, wakichoka, huuzima ukuta wa moto wote. Njia hufunguka kweli, lakini pia kila mtu aliyemo katika mtandao ule hupata nafasi ya kubisha katika kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa. Lililo sahihi ni kumwomba msimamizi wa ruta afungue mlango mmoja wa kutokea, kwa mfano 4500, kuelekea anwani moja tu, ile ya seva ya ofisi. Penye mtandao wa watu wengine, kama hoteli, ambako msimamizi hapatikani, seva nyingi zaweza kupangwa zipokee wageni kwenye mlango wa 443. Kazi hiyo hufanyika upande wa makao makuu. Karani wa delta atabadili namba moja tu katika programu yake.