Spea za bei chee zaweza kukuponza: Panga karakana kwanza, Gerezani baadaye

JUMAMOSI asubuhi, maduka na meza za spea za Gerezani na Shaurimoyo jijini Dar es Salaam hupokea wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni fundi aliyetumwa na mwenye gari. Anajua anachotaka, anauliza bei, analipa, anaondoka. Wa pili ni mpenzi wa magari. Huyu hana haraka. Anapita meza kwa meza, anageuzageuza kila chuma, na jioni anarudi nyumbani na mfuko mzito na pochi nyepesi.

Wiki hii tunamzungumzia huyo wa pili. Fedha anazotumia ni nyingi kuliko anavyodhani, na sehemu kubwa huishia kulala uvunguni mwa kitanda zikiwa zimegeuka chuma.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Karani mmoja mkazi wa Tabata amerithi Land Rover Series III ya 109 kutoka kwa marehemu baba yake. Gari limesimama uani kwa miaka kadhaa. Amedunduliza Sh 3,000,000 na amemwahidi mkewe mambo mawili: kwamba gari litatembea kabla shule hazijafunguliwa, na kwamba fedha za ada hazitaguswa. Ana Jumamosi na Jumapili. Jumamosi anakwenda kununua spea, Jumapili atapanga karakana yake ndogo uani.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Amezipindua siku.

Jumamosi: Manunuzi

Muuzaji anamwambia: "Kaka, pistoni hizi mpya kabisa, ukiziacha leo kesho huzikuti." Karani analipa. Anaongeza breki shuu, hafu-shafti ya nyuma na beringi za krankshafti. Tuseme jumla ni Sh 1,100,000. Kila kipuri kimeandikwa Land Rover, na kila kimoja ni kizima. Hata hivyo, inawezekana kabisa kisiwepo hata kimoja kitakachoingia kwenye gari lake. Sababu ni hizi.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na silinda zenye kipenyo cha milimita 90.47. Silinda zikilika, fundi wa kukereza huzipanua hadi saizi inayofuata, kwa kawaida inchi 0.020 au inchi 0.040 juu ya ile ya mwanzo. Saizi ipi, anajua fundi baada ya kuifungua injini na kupima. Anayenunua pistoni kabla ya kipimo hicho anacheza bahati nasibu.

Krankshafti nayo ina habari yake. Injini hizo zilikuwa na beringi kubwa tatu hadi mwaka 1980, zilipoanza kutengenezwa zenye beringi tano. Za aina moja haziingii kwenye nyingine. Na hata ukijua aina, krankshafti ikikerezwa hupungua unene, hivyo beringi zake nazo hununuliwa kwa kipimo.

Kwa upande wa breki, Land Rover fupi ya inchi 88 hutumia dramu za inchi 10, wakati ndefu ya inchi 109 hutumia za inchi 11. Ekseli ya nyuma ya Series III ndefu ni ya aina ya Salisbury, na ile ya gari fupi ni ya Rover yenyewe. Hafu-shafti zake hazibadilishani. Kwa macho ya mtu asiyebeba sampuli mkononi, vyuma hivi vinafanana kama mapacha.

Kwa nini soko liko hivyo?

Si haki kumtupia muuzaji lawama zote. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini na spea zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe walizonazo nje, na mageuzi ya uchumi yaliyofuata yakafungua milango zaidi. Baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika. Series III ilikuwa imeshaacha kutengenezwa mwaka 1985.

Matokeo yake ni masoko mawili ndani ya mtaa mmoja. Spea ya Toyota inazunguka haraka: inaingia, inatoka, faida ni ndogo kwa kila kipande lakini vipande ni vingi. Wauzaji ni wengi, hivyo bei inajulikana na mteja anaweza kulinganisha. Spea ya Land Rover ya zamani haizunguki. Inakaa kwenye shelfu, na kila mwezi inapokaa, mtaji wa mwenye duka umefungwa hapo. Akitokea mteja, muuzaji hana bei ya kudumu. Ana hamu ya kuikomboa fedha yake tu.

Kwa hiyo maneno ya "ukiziacha huzikuti" yapimwe vizuri. Kipuri kilichosubiri mteja kwa muda mrefu kinaweza kusubiri wiki mbili nyingine. Anayekinunua bila kukihitaji leo anamwondolea muuzaji mzigo wa mtaji uliolala na kuuhamishia nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba muuzaji ana duka na wateja, karani hana. Akitaka kukiuza tena, atakiuza kwa hasara.

Wapo wanaoona dawa ni kuagiza Uingereza, ambako vipuri vya Series bado vinapatikana. Ni njia nzuri kwa vitu vyepesi. Lakini mwagizaji akumbuke kwamba ushuru wa forodha haukokotolewi kwa bei ya kipuri peke yake, bali kwa bei, bima na nauli vikijumlishwa. Chuma kizito kinakuja na gharama nzito.

Jumapili: Karakana

Sasa tumrudie karani uani kwake. Kazi aliyoiweka Jumapili ilipaswa kuwa ya kwanza, na sehemu yake muhimu kuliko zote haigharimu hata senti.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari linaweza kuonekana zima miaka na miaka. Chesisi ni ya chuma, na huoza kutokea ndani. Achukue nyundo ndogo, alale chini, agonge chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na pengine nyundo inazama. Chesisi ikiwa imekwisha, hesabu yote ya Sh 3,000,000 inabadilika, na ni heri kulijua hilo kabla ya kununua hata plagi moja.

Baada ya hapo ndipo apange mahali pa kazi. Sakafu iwe ngumu, kwa sababu jeki huzama kwenye mchanga. Juu pawe na paa, kwani injini iliyofunguliwa haitaki mvua. Pawe na stendi imara za chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Injini ina uzito wa zaidi ya kilo 150, hivyo patakiwa boriti ya uhakika na kapi la mnyororo. Tawi la mwembe si kreni.

Spana ziangaliwe pia. Nati nyingi za Series III ni za vipimo vya inchi, na seti ya milimita iliyozoeleka kwenye Toyota itazila vichwa. Breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto; vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, bali lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Mwisho, daftari lenye safu tatu: jina la kipuri, kipimo au namba yake, na wiki kitakapofungwa. Kipuri kisicho na kipimo katika safu ya pili hakinunuliwi. Kisicho na wiki katika safu ya tatu kinasubiri.

Utaratibu huu una kighairi kimoja. Vitu visivyohitaji kupimwa na ambavyo ni adimu kweli, kama vile mlango mzima wa aina ya gari lako, kioo au dashibodi, vinunuliwe vinapoonekana. Huo ni ununuzi wa akili. Tofauti kati ya vipuri hivi na pistoni ni kwamba hivi unajua leo kwamba vitaingia.

Hesabu ya mwisho

Kwa mpango wa Jumamosi kwanza, karani wetu amebaki na Sh 1,900,000, hana stendi, hana spana, hajui hali ya chesisi, na dukani ameonyeshwa kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Sasa kishawishi kitakachomjia usiku kinajulikana. Atajiambia kwamba ameshatumia zaidi ya milioni moja, hivyo si vibaya kukopa kidogo kwenye ada ili fedha ile isipotee. Lakini fedha ile imeshaondoka, gari litembee lisitembee. Swali la haki ni moja tu: shilingi inayofuata italeta nini?

Kwa mpango wa Jumapili kwanza, angekuwa na Sh 3,000,000 zote, daftari lenye vipimo, na jibu la kweli kwa mkewe, hata kama jibu hilo lingekuwa kwamba gari halitakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa.

Ushauri wetu kwa wapenzi wa magari ni huu: kabla hujapanda daladala kwenda Gerezani, lala chini ya gari lako na nyundo mkononi. Soko litakuwepo Jumamosi ijayo.