Maradhi na Namba Zake

Mwezi wa Julai 2022, wakazi kadhaa wa Ruangwa, wilaya iliyo nyuma ya pwani ya Lindi, kusini mwa Tanzania, walipoanza kuugua homa, kuumwa na kichwa, kulegea mwili na kutokwa na damu puani, hofu za watu zilikimbilia virusi vya Ebola na Marburg. Walakini vipimo vya maabara vilivikanusha vyote viwili, na hatimaye serikali ikatangaza kwamba maradhi yale ni homa ya mgunda, isiyotokana na virusi kamwe, bali na bakteria waenezwao kwa mkojo wa wanyama, hasa panya.

Si jina peke yake lililobadilika, bali na namba ya ugonjwa pia. Katika toleo la kumi la orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa mwaka 1990, Marburg ni A98.3, Ebola ni A98.4, na mgunda ni A27, ambao, kinyume cha hao wawili, hutibika kwa antibiotiki. Tabibu wa Kilwa Kivinje ambaye, kwa kukosa ushahidi, ameandika R50.9, yaani homa ambayo asili yake haijabainika, hajazembea. Amenena kweli ya saa ile.

Aidha, liko fungu lisilosimama pekee, B97, liongezwalo nyuma ya ugonjwa mwingine ili kukitaja kirusi kilichousababisha: saratani ya mlango wa kizazi huandikwa C53, na kirusi cha papiloma kikithibitika kuwa ndicho chanzo, huongezwa B97.7, hata wahesabuo wagonjwa wajue ni wangapi ambao chanjo ingaliwakinga.

Watu wa kusini wana ushahidi wao wa tangu zamani. Mwaka 1952, katika uwanda wa Makonde, ilizuka homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo, ambayo kwa dalili ilishabihiana mno na dengi. Na lau wataalamu wangaliridhika na mshabaha huo, kirusi kipya kilichopatikana mwaka uliofuata katika damu ya mgonjwa, yaani chikungunya, ambacho katika toleo hilo kina namba yake, A92.0, kuanzia India hata Brazili, kingalibaki kimefichika ndani ya hesabu ya ugonjwa mwingine.

Basi, msomaji, ufikapo zahanati usimshurutishe tabibu akutajie ugonjwa kabla ya kipimo. Mweleze homa ilianza lini, ulisafiri wapi, na kama ulikanyaga maji ya mashamba, kwani hukumu yake haitazidi ushahidi utakaompa.