Urani ya Bahi Haihesabu kwa Miaka Yetu

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa gari moshi kutoka Dodoma kwenda Manyoni anaikumbuka Bahi: mbuga pana, tambarare kama mkeka, inayofurika wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kabla reli haijaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Wenyeji hulima mpunga humo, huchunga ng'ombe, huvua samaki katika miaka ya maji mengi, na tangu zama za mababu wamejipatia chumvi katika udongo wake. Chini ya udongo huo huo, kwa kina cha mita chache tu, imo urani.

Habari hizi si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilizobeba vyombo vya kupima mionzi zilirushwa juu ya nchi yetu, na dalili zilizoonekana zikaivuta kampuni ya Kijerumani, Uranerzbergbau, kuja kupekua nyanda hizi. Bei ya urani ikaanguka duniani, wageni wakafunga virago. Bei ilipopanda tena katika miaka ya 2000, ikaja kampuni ya Australia, Uranex, ikatoboa mashimo ya utafiti Bahi na Manyoni. Machi 2011 mitambo ya Fukushima nchini Japani ikaharibika, bei ikaporomoka mara ya pili, na mwaka 2014 kampuni hiyo ikabadili jina ikaitwa Magnis na kugeukia madini ya kinywe kule Ruangwa. Urani ikabaki pale pale ilipokuwa.

Katika misimu hiyo ya kuja na kuondoka kwa wageni, maneno mengi yalisemwa vijijini. Wapo walioamini kwamba jiwe hilo huua kwa kutazamwa. Wapo pia waliosema kwamba ni udongo tu kama udongo mwingine, na kwamba mababu waliishi juu yake wakazeeka. Pande zote mbili zimekosea, na kosa lenyewe si la wananchi, kwa sababu ni mara chache mtu ameketi nao akawaeleza urani hufanya nini inapokaa kimya ardhini. Safu hii inajaribu kufanya hivyo.

Kila kitu kimefanyika kwa atomi, na kila atomi ina kiini chenye protoni, na kwa kawaida nyutroni pia. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake: penye protoni 92 ni urani, hapana shaka. Lakini nyutroni zaweza kuzidi au kupungua, na hapo tunapata ndugu wa jina moja wenye uzito mbalimbali. Mwaka 1913 Frederick Soddy, mwanasayansi wa Uingereza, aliwapa ndugu hao jina la isotopu. Urani ya asili karibu yote ni ya uzito wa 238. Ile ya 235, ambayo ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya vinu vya umeme na mabomu, haifiki hata sehemu moja katika mia.

Baadhi ya viini havitulii. Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi za urani huacha alama juu ya bamba la picha lililofunikwa gizani. Kiini kisichotulia hurusha kipande chake nje, na kikisha kurusha si elementi ile tena. Huku ndiko kumeguka. Ni kiini kipi kitameguka leo na kipi kesho, hakuna awezaye kusema. Anayekaanga bisi hawezi kuonyesha kwa kidole punje itakayopasuka sasa hivi, na hata hivyo anajua kwa hakika kwamba baada ya muda fulani nyingi zitakuwa zimepasuka. Muda ambao nusu ya viini humeguka huitwa nusu-maisha. Yafaa tuwe waangalifu hapa, maana wengi hudhani kwamba nusu-maisha mbili zikipita hakuna kilichobaki. La hasha. Katika viini elfu, nusu-maisha ya kwanza huacha 500, ya pili 250, ya tatu 125, na kuendelea. Wala moto, asidi, dawa au maombi ya mtu hayawezi kuharakisha wala kuchelewesha hesabu hiyo.

Nusu-maisha ya urani 238 ni miaka milioni 4,470, karibu sawa na umri wa dunia yenyewe. Kwa hiyo urani ni mvivu mno, na mionzi yake peke yake ni hafifu. Jambo linalosahauliwa ni uzao wake. Urani ikimeguka huzaa thoriamu, nayo thoriamu huzaa mwingine, hadi hatua 14 zitimie. Katika ukoo huo yumo thoriamu 230, mwenye nusu-maisha ya miaka ipatayo 75,000. Yumo radiamu 226, wa miaka 1,600. Yumo radoni, ambaye ni gesi na nusu-maisha yake haifiki siku nne. Yumo bismuti 214, wa dakika 20. Yumo poloniamu 210, wa siku 138. Mwisho wa yote ni risasi, ile metali nzito ya kijivu, na hapo safari inakoma. Mlima wowote wenye urani una ukoo huu mzima ndani yake, wazazi kwa wajukuu, wote kwa wakati mmoja.

Zile ndege za miaka ya 1970, kwa hakika, hazikuisikia urani. Vyombo vyake husikia mionzi ya gama, na kwa sehemu kubwa mionzi hiyo hutolewa na bismuti, mtoto wa mbali. Mtaalamu humsikia mjukuu akilia, akakisia kwamba babu yupo nyumbani. Tatizo ni kwamba Bahi ni nyumba ambayo watu wake wametawanyika. Urani ya huku haikuzaliwa mbugani. Ilitoka katika matale ya uwanda wa kati, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, ambayo mvua na jua vimeyalainisha kwa zama nyingi. Maji huiyeyusha urani na kuichukua bondeni, lakini thoriamu haiyeyuki kirahisi, hubaki nyuma. Mto Bubu hushuka kutoka nyanda za Kondoa na kumwaga maji Bahi, ambako hayana njia rahisi ya kufika baharini. Jua huyakausha, na urani ikikutana na vanadi na potasiamu hugeuka unga wa rangi ya manjano, karnotaiti, katika udongo na mawe ya chokaa. Kiasi chake ni kidogo, gramu mia na ushei katika tani moja ya udongo kwa makadirio ya Manyoni. Ili kuipata itabidi kuchimbua eneo kubwa sana la ardhi, na ardhi yenyewe ndiyo shamba la mpunga.

Je, mkazi wa Bahi yu hatarini leo? Mionzi inayotoka kwa urani husimamishwa na karatasi, hata na ngozi ya mwili. Ubaya huanza inapoingia ndani, kwa maji au kwa pumzi. Urani katika maji hudhuru figo kwa sumu yake ya kikemia kabla hata ya kufikiria mionzi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 katika lita moja ya maji ya kunywa. Radoni huweza kujikusanya katika nyumba isiyopitisha hewa, na shirika hilo huitaja kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, ikifuata sigara. Hayo yote hupimika. Tangu Sheria Namba 5 ya mwaka 1983 nchi yetu ina chombo cha kusimamia mionzi, na tangu sheria ya mwaka 2003 chombo hicho ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kisima cha kijiji kinahitaji chupa ya maji ipelekwe maabara, na matokeo yarudi yakasomwe mbele ya mkutano wa kijiji kwa Kiswahili, namba kwa namba. Upimaji huo ufanywe sasa, wakati hakuna mgodi. Ukisubiri mgodi uanze, hakuna atakayeweza kusema kilichokuwamo tangu asili na kilicholetwa na mchimbaji.

Nisieleweke kwamba naipinga elimu hii. Mbung'o walitokomezwa Unguja mwaka 1997 kwa msaada wa madume waliohasiwa kwa mionzi, na wagonjwa wengi wa saratani wametibiwa kwa mashine za kobalti 60. Na huku kwetu Kondoa, mahali lilikoanzia hili bonde la Bubu, kumeguka kwa kaboni 14 kumetupa historia. Katika pango la Kisese II, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, yalipatikana maganda ya mayai ya mbuni pamoja na shanga zilizochongwa kwa maganda hayo. Nusu-maisha ya kaboni 14 ni miaka 5,730. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulizipa tabaka za shanga za kale kabisa umri wa miaka baina ya 42,000 na 46,000. Katika ganda la umri huo, kaboni 14 iliyobaki ni kama sehemu moja tu katika 256 ya ile ya mwanzo, na bado hupimika. (Michoro myekundu ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, haihesabiki hivyo, kwa kuwa rangi yake ni ya udongo wa chuma usio na kaboni.)

Nazitaja shanga hizo kwa sababu maalumu. Mgodi wa urani huondoa urani na kuiacha thoriamu 230 pamoja na radiamu katika mabaki yaliyosagwa, ambayo wachimbaji wetu huyaita marudio. Kiasi cha asilimia 85 ya unururifu wa mawe hubaki humo. Mkataba wa uchimbaji husema miaka kumi, pengine ishirini. Na baada ya kufunga mgodi kampuni hutakiwa kulilinda lundo kwa muda unaoandikwa katika karatasi. Mtu yule wa Kisese aliyetoboa shanga miaka 46,000 iliyopita, kama angaliacha lundo la marudio kando ya Mto Bubu, karibu theluthi mbili ya thoriamu yake ingalikuwapo hadi leo, ikizaa radiamu, na radiamu ikizaa radoni.