Sura ya Tano: Ua Lisiloweza Kuvuka Tambarare

Ukiwa Korogwe mjini, ukiangalia kaskazini, unaiona Usambara ya Magharibi ikiinuka ghafla juu ya mashamba ya mkonge. Ukivuka Mto Pangani na kushika njia ya Handeni, nchi inabadilika: vichaka, miombo, jua kali na mvua zisizotabirika. Mbele zaidi, kusini-magharibi, ndiko iliko milima ya Nguru. Msafiri wa basi huvuka nchi hiyo kwa saa chache. Saintpaulia haiwezi.

Mmea huu ni mfupi, majani yake yana manyoya laini, na maua yake ni ya zambarau. Unaota kwenye miamba yenye unyevu, kando ya vijito, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mizizi yake ni mifupi, haifiki mbali kutafuta maji, hivyo uhai wake unategemea unyevu ambao upepo wa Bahari ya Hindi huuleta milimani. Mimea mingi ya jamii ya alizeti hutoa mbegu zenye nywele nyepesi za kupeperushwa na upepo. Mbegu za saintpaulia ni ndogo mno, lakini hazina nywele wala mabawa, na zinazoangukia kwenye udongo mkavu wenye jua hufa.

Kwa hiyo tambarare ya Korogwe na Handeni ni bahari, na kila mlima wenye msitu ni kisiwa. Kwa miaka mingi isiyohesabika, mimea ya kila kisiwa imezaana yenyewe kwa yenyewe na kutofautiana na ile ya visiwa vingine. Shume, huko Usambara ya Magharibi, ikapata aina yake, milima ya Uluguru yake, Nguru zake, na Taita nchini Kenya yake.

Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaupa mmea huo jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, baada ya kuthibitisha udugu wa makundi hayo mawili.

Leo mmea huu uko kwenye vyungu duniani kote, na wengi hudhani umeshaokoka. Sivyo. Maua mengi ya vyunguni yametokana na aina chache tu za porini. Ukikata miti juu ya mwamba mmoja, jua huingia, mwamba hukauka, na aina iliyokuwa pale inaweza kutoweka isirudi, kwa sababu hakuna mbegu itakayovuka tambarare kuja kuirithi. Ndiyo maana msitu mdogo wa kijijini, hata uwe wa ekari chache, unastahili kulindwa kwa uzito uleule wa hifadhi kubwa: huenda ndio makazi pekee ya aina nzima.