Kikundi Kisinunue Gari kwa Macho

Tunajua wanavikundi wengi mnaweka akiba mpate pikapu ya kubebea maziwa na mboga. Gari lililotumika si baya, lakini rangi mpya isiwadanganye.

Kwanza, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Aiwashe injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili kwamba inakula oili.

Pili, linganisheni namba za chesisi na injini na zile za logibuku. Kisha lipeni ada mpate rekodi za gari kutoka NTSA, kupitia eCitizen. Mkiona jina la benki au mkopeshaji pamoja na la muuzaji, jueni gari lina deni. Lisipolipwa, mkopeshaji anaweza kulichukua hata kama ninyi mmemaliza kulipa.

Tatu, msitoe pesa zote kabla umiliki haujahamishwa. Tunawasihi gari liandikwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti wala mweka hazina. Akifariki au mkikosana, jasho la wote litageuka mali ya nyumba moja.

Haraka haraka haina baraka.