Sheria ni Msumeno: Magogo, Lori na Tela Barabarani

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Siku hizi nyenzo hiyo ni lori lenye tela, nalo tunaliona katika barabara zote kuu ziingiazo Kampala: likitoka Masindi na Luwero kupitia Bombo hadi Bwaise, likitoka Mubende kupitia Mityana hadi Busega, likitoka Masaka kuelekea Ndeeba penye soko la mbao, na likitoka Jinja kupitia Mukono. Katika kila njia hizo, mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kulisimamisha si hakimu wala bwana misitu, bali ni askari. Kwa sababu hiyo twapenda leo kuzungumza na ndugu zetu askari wa polisi na wa jeshi juu ya yale ambayo sheria inayataka kwa gari la namna hii.

Magogo yanapofika kwenye kizuizi, maswali yapasayo kuulizwa ni matatu. Miti hii ni ya nani? Uzito wake ni kiasi gani? Nayo imefungwaje? Kila swali lina sheria yake na ofisi yake, na jibu la swali moja halitoshi kuwa jibu la jingine. Mwenye hati safi ya misitu aweza kuwa amezidisha mzigo, na gari lililopimwa likaonekana halali laweza kuwa limebeba miti ya wizi. Askari anayeuliza swali moja tu na kufungua njia amefanya theluthi moja ya kazi yake.

Tuanze na swali la miti. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Misitu, ambayo ilianza kazi mwaka 2004 na kukabidhiwa misitu ya hifadhi ya serikali kuu. Misitu ya wilaya iko chini ya mabwana misitu wa wilaya. Mtu hawezi kukata mti katika hifadhi bila leseni, na hata baada ya kuukata hawezi kuusafirisha bila hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Wengi hudhani kwamba leseni ya kukata ndiyo ruhusa ya kusafirisha. Sivyo. Hizo ni karatasi mbili, na dereva apaswa kuwa na hiyo ya pili mkononi akiwa njiani.

Askari asiridhike kuuona mhuri tu. Na aisome hati yenyewe: aina ya miti, kiasi chake, mahali ilipotoka, mahali inapokwenda, namba ya gari na tarehe. Hati inayosema misonobari haiwezi kuhalalisha mvule. Hati iliyokwisha muda wake ni karatasi tupu, hata kama jana ilikuwa halali. Tena magogo halali hugongwa nyundo yenye alama maalumu kwenye ncha zake, nayo alama hiyo huonekana kwa macho bila ya kushusha hata gogo moja. Ikiwa hati ipo lakini alama haipo, au alama ipo lakini hati haipo, hapo pana jambo la kuulizwa.

Huenda mtu akasema kwamba miti ni mingi na polisi wana kazi kubwa zaidi. Hesabu za serikali zinamjibu. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Ilipofika mwaka 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Miti hiyo haikutembea kwa miguu. Sehemu kubwa ya iliyouzwa ilipita barabarani, juu ya magari, mbele ya macho ya watu waliovaa sare.

Swali la pili ni la uzito, na hapa jicho la askari, hata likiwa kali namna gani, halifai kuwa hakimu. Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilipitisha mwaka 2013 Sheria ya Kudhibiti Uzito wa Magari, ili nchi zote za Jumuiya zifuate kipimo kimoja. Uzito wa gari pamoja na mzigo wake hauruhusiwi kupita tani 56, hata likiwa na mihimili saba ya magurudumu au zaidi. Mhimili, ambao madereva huuita ekseli, nao una kiwango chake. Ule wa mbele wenye matairi mawili huruhusiwa tani 8. Mhimili mmoja wenye matairi manne, tani 10. Mihimili miwili iliyo pamoja, tani 18. Na mitatu iliyo pamoja, tani 24.

Tufanye hesabu. Lori lenye mhimili mmoja mbele na miwili nyuma, likivuta tela la mihimili mitatu iliyo pamoja, lina 8, na 18, na 24, yaani tani 50 kwa jumla. Gari tupu la namna hiyo laweza kuwa na tani 16 au zaidi, basi mzigo hubaki kama tani 34. Sasa mkaratusi uliokatwa juzi, ungali na maji yake, huwa na uzito unaokaribia tani moja kwa kila mita moja ya ujazo; ukikauka hupungua sana. Kwa hiyo magogo yaleyale, kwa wingi uleule, yaweza kuwa halali yakiwa makavu na kuwa haramu yakiwa mabichi. Ndiyo maana twasema jicho halitoshi, na kwamba mizani ndiyo isemayo kweli.

Serikali imeweka mizani katika njia kuu, kama vile Luwero, Mubende, Lukaya na Magamaga. Zamani zilisimamiwa na Mamlaka ya Barabara; tangu mamlaka hiyo ilipovunjwa mwishoni mwa mwaka 2024, kazi hiyo iko mikononi mwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kila gari la tani tatu na nusu au zaidi lapaswa kupimwa. Dereva anayekwepa kituo kwa kupitia njia za vijijini ametenda kosa hata kama mzigo wake haukuzidi.

Wala kiwango hiki hakikuwekwa kwa kumwonea mfanyabiashara. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya barabara hayaongezeki sawa na uzito, bali huongezeka kwa kasi kubwa mno. Mhimili wenye tani 12 badala ya 10 huiumiza lami karibu mara mbili. Tajiri mmoja huongeza faida yake kidogo, na wananchi wote hulipa gharama ya kuziba mashimo.

Swali la tatu ndilo linalogusa roho za watu. Gogo si gunia la mahindi. Ni mviringo, gamba lake huteleza, na likiachiwa huviringika. Nguzo za pembeni za tela sharti ziwe nzima, na magogo yasipande juu kuliko nguzo hizo. Minyororo au kamba za chuma sharti zikaze mzigo wote, si tabaka la juu tu. Baada ya mwendo wa kilomita chache magogo hukaa vizuri zaidi na mnyororo hulegea, kwa hiyo dereva mwangalifu husimama na kuukaza tena. Magogo yanayotokeza nyuma ya tela yawekewe alama nyekundu mchana na taa nyekundu usiku. Na mzigo unaopita vipimo vya kawaida unahitaji kibali cha pekee kabla ya kuondoka.

Tela nalo lina namba yake ya usajili, breki zake na taa zake, na yote hayo hukaguliwa mbali na lori. Dereva awe na leseni ya kuendesha gari zito lenye tela, si ile ya gari dogo, na bima ya kulinda watu wengine kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1989. Kuhusu taa, tukumbuke usiku wa tarehe 25 Mei 2018 katika wilaya ya Kiryandongo, katika barabara ya Kampala na Gulu. Basi la abiria liligonga trekta lisilokuwa na taa, kisha likagongana na lori. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Taa ndogo ya nyuma si jambo dogo.

Hapa twaongeza shauri moja kwa usalama wa askari mwenyewe. Usiamuru minyororo ifunguliwe kando ya barabara ili upate kuhesabu magogo. Usisimame kati ya lori na tela injini ikiwaka, wala usisimame chini ya mzigo uliolegea. Ikiwa pana shaka, gari lipelekwe penye uwanja tambarare na vyombo vya kushushia.

Yabaki maneno ambayo hatupendi kuyasema lakini yatupasa. Mara nyingine swali halijibiwi kwa hati, bali kwa jina: "Mzigo huu ni wa afande." Ndugu zetu, hakuna sheria yoyote inayosema kwamba cheo ni hati ya misitu, wala kwamba msindikizaji mwenye bunduki ni mizani. Amri ya Rais Nambari 3 ya mwaka 2023, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini-mashariki ya nchi, haikuwatenga wenye sare. Na Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamwahidi mpokeaji wa rushwa kifungo kinachoweza kufika miaka 10. Askari mdogo anayeambiwa aachilie gari na aandike katika kitabu cha kituo: saa, namba ya lori, namba ya tela, na jina alilotajiwa. Maandishi hayo ndiyo ngao yake siku mambo yatakapofika mahakamani.

Kwa upande mwingine, dereva ambaye hati zake ni sahihi, uzito wake ni halali na mzigo wake umefungwa barabara, asicheleweshwe hata dakika moja kwa kutafutiwa kosa. Yeye ni mwananchi anayetafuta riziki, na mbao zake ndizo zinazoezeka nyumba zetu na kambi zetu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: humkata mwizi wa miti, na humkata pia askari anayemwonea mwenye haki.